Kipimo kianzie nyumbani, si mpakani: somo la meli za kitalii kwa malori yetu

Mfanyabiashara anayevuka mpaka hujiuliza maswali mawili kabla ya kuondoka: bei ya mzigo huko aendako ikoje, na ushuru utakuwa kiasi gani. Swali la tatu, ambalo ni la afya, wengi hulisahau mpaka walikute linawasubiri kwenye meza ya ofisa afya mpakani. Tangu mwaka 2020 swali hilo limewalaza barabarani madereva wengi wa Afrika Mashariki, limeozesha nyanya na ndizi, na limewafanya wenye malori kulipa gharama ambazo hazikuwa kwenye hesabu.

Dhoruba ya korona imepita. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba ugonjwa huo si dharura ya kimataifa tena. Lakini maradhi hayajaisha katika ukanda wetu, na kila yanapozuka masharti ya safari hubadilika ghafla. Kwa hiyo ni vyema kutazama nini kilitokea, wenzetu wa meli za kitalii walijifunza nini, na mfanyabiashara wa Kariakoo, Kisumu au Bujumbura afanye nini kabla ya kuondoka nyumbani.

MELI MBILI, SOMO MOJA

Februari 2020 meli ya kitalii ya Diamond Princess ilitia nanga Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711, abiria na mabaharia. Abiria mmoja aliyekuwa ameshuka Hong Kong mwishoni mwa Januari alithibitika kuwa na virusi vya korona. Meli nzima ikawekwa karantini. Hatimaye watu 712 waliambukizwa.

Siku hizo hizo meli nyingine, Westerdam, ilikuwa ikizunguka baharini ikitafuta bandari. Haikuwa na mgonjwa yeyote aliyethibitishwa, lakini Japani, Taiwan, Ufilipino, Guam na Thailand ziliikatalia. Kambodia ndiyo iliyoipokea, katika bandari ya Sihanoukville, tarehe 13 Februari.

Meli ya kwanza ilikwama kwa sababu ya ugonjwa. Ya pili ilihangaika kwa sababu hakuna aliyeamini kwamba haina ugonjwa. Kibiashara hasara ya hofu na hasara ya ugonjwa zinafanana: abiria hawashuki, mafuta yanateketea, mkataba unavunjika.

Wenye meli walipoanza tena safari mwaka 2021 walibadili mpangilio. Ukaguzi ukafanyika kabla abiria hajapanda ngazi ya meli: majibu ya kipimo cha siku chache zilizopita, cheti cha chanjo, pasipoti yenye muda wa kutosha, viza za nchi zote ambako meli itatia nanga. Asiyekamilika alibaki gatini. Masharti ya kipimo cha korona yameondoka, lakini utaratibu wa kukagua hati kwenye bandari ya kuondokea uko pale pale, na kwa meli zinazopita nchi zenye homa ya manjano kadi ya chanjo huangaliwa mapema.

Hata hivyo, hata wao hawajaokoka kabisa. Februari 2024 Mauritius iliizuia meli ya Norwegian Dawn, yenye abiria zaidi ya 2,000, isitie nanga Port Louis, kwa kuhofia kipindupindu baada ya abiria kadhaa kuugua tumbo. Vipimo vilionyesha kuwa hakikuwa kipindupindu, na abiria wakaruhusiwa kushuka. Siku mbili zilikuwa zimekwenda.

Sasa tuje kwetu. Lori linalotoka Mombasa kwenda Kampala au Dar es Salaam kwenda Kigali halina mtu wa kusimama mlangoni na kumwambia dereva, "Ndugu, hati zako hazijakamilika, baki." Dereva anagundua upungufu akiwa tayari yuko mpakani na kontena mgongoni. Hapo kurudi ni gharama, na kusubiri ni gharama.

NAMANGA, RUSUMO, MALABA

Mwaka 2020 tulijifunza kwa njia ngumu. Aprili, Rwanda iliweka utaratibu wa kubadilishana madereva mpakani Rusumo, ili dereva wa kigeni asiingie ndani ya nchi. Madereva wa Tanzania wakagoma, na wenye mizigo wakalalamika kuwa hawawezi kumkabidhi lori mtu wasiyemjua. Mwezi uliofuata serikali hizo mbili zililazimika kukaa mezani.

Mei 16, 2020 Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania isipokuwa kwa mizigo, na madereva wakatakiwa kupimwa. Tanzania ilikuwa imeacha kutangaza takwimu za ugonjwa mwishoni mwa Aprili, na majirani walikuwa na wasiwasi. Pale Namanga yakazuka mabishano ya wazi: upande mmoja ulisema madereva fulani wana virusi, upande wa pili ukawapima na kusema hawana. Viongozi wa mikoa upande wa Tanzania nao wakazuia malori ya Kenya. Mwisho wa Mei wakubwa wa pande zote walikutana Namanga kumaliza suala hilo.

Uganda nayo mwezi huo iliamua kutowahesabu madereva wa kigeni waliokutwa na virusi katika takwimu zake, na kuwarudisha makwao. Dereva akawa mtu wa kunyooshewa kidole kila kituo cha mafuta, kila hoteli, kana kwamba yeye ndiye ugonjwa wenyewe. Lakini ndiye huyo huyo aliyekuwa akibeba dawa, ngano na petroli wakati wengine wamejifungia ndani.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilijaribu kutafuta dawa. Mwaka huo huo wa 2020 ilianzisha mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo na madereva, ili majibu ya dereva aliyepimwa nchi moja yaonekane na kukubaliwa nchi nyingine. Wazo lilikuwa zuri, lakini nchi hazikuingia kwa hatua moja.

Ushahidi ulikuja Januari 2022. Uganda iliagiza kila dereva anayeingia kupitia Malaba na Busia apimwe pale pale mpakani kwa ada ya dola 30, hata kama ana cheti alichotoka nacho. Madereva wakasimamisha magari. Foleni upande wa Kenya ikafika makumi ya kilomita, na Uganda, ambayo mafuta yake mengi hupita njia hiyo, ikaanza kukosa petroli. Serikali ikaondoa ada hiyo.

Tufanye hesabu ndogo. Dereva anayeingia Uganda mara tatu kwa mwezi angelipa dola 90 za kipimo peke yake. Mwenye malori kumi angelipa dola 900 kila mwezi, bila kuhesabu siku za kusubiri majibu, posho ya dereva na utingo wake, na faini ya kuchelewesha kontena. Nani angelipa fedha hizo? Mwishoni angelipa mnunuzi wa sukari na sabuni dukani Kampala, Juba na Goma.

KADI MBILI ZA NJANO

Ukiacha dharura, kuna hati moja ya afya ambayo kwa miaka mingi imekuwa ya kudumu katika safari za ukanda huu: kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kwanza tuondoe mkanganyiko ambao huwakuta madereva wapya. Njiani utasikia ukiulizwa "kadi ya njano", na kadi hizo ni mbili. Moja ni ya COMESA, ambayo ni bima ya gari dhidi ya madhara kwa watu wengine linapokuwa nje ya nchi. Tanzania inashiriki ingawa si mwanachama wa COMESA. Ya pili ni ya chanjo, nayo ni ya mtu. Ya kwanza hukaa na gari, ya pili hukaa na dereva. Tajiri akimbadilisha dereva ghafla, bima iko palepale lakini chanjo imeondoka na yule wa zamani.

Kadi ya chanjo inaongozwa na Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika Juni 2007. Mambo manne yafaa kila msafiri ayajue.

La kwanza ni siku kumi. Kadi huanza kuwa halali siku ya kumi baada ya chanjo. Anayechanjwa leo asubuhi ili avuke leo jioni hajatimiza sharti. Kwa kanuni, anaweza kuwekwa chini ya uangalizi mpaka kadi ianze kuwa halali, au kwa muda usiozidi siku sita tangu alipotoka eneo lenye hatari.

La pili ni muda wa kadi. Zamani ilihesabiwa miaka kumi. Tangu tarehe 11 Julai 2016 kadi ni halali kwa maisha yote ya aliyechanjwa, na hilo linahusu pia kadi zilizotolewa kabla ya tarehe hiyo. Kadi ya mwaka 2008 iliyoandikwa kuwa mwisho ni 2018 bado ni halali. Akitokea ofisa akasema imekwisha, mjibu kwa upole na umwombe aite mkubwa wa kituo cha afya cha mpakani. Usikimbilie kutoa "chai". Ukitoa leo, kesho wataombwa wenzako kumi.

La tatu ni usafi wa kadi. Iliyofutwafutwa, iliyokosa sahihi ya mtabibu au muhuri rasmi wa kituo, au yenye sehemu isiyojazwa yaweza kukataliwa. Hakikisha jina na namba ya hati vinalingana na pasipoti. Mtu anayeitwa Juma Hamisi kwenye pasipoti na Hamisi Juma kwenye kadi anajitafutia maswali.

La nne, ambalo wengi hawalijui, ni kwamba kadi yaweza kukudai wakati wa kurudi. Nchi nyingi haziangalii uraia wako bali zinaangalia unakotoka. WHO inaziorodhesha Kenya, Uganda, Burundi, Sudan Kusini na Kongo kuwa nchi zenye hatari ya homa ya manjano. Tanzania na Rwanda zimo kwenye kundi la hatari ndogo. Uganda na Kongo zimekuwa zikiitaka kadi kwa kila anayeingia. Tanzania huitaka kwa anayetoka nchi yenye hatari. Kwa hiyo Mtanzania aliyekwenda Kampala kununua vitenge anaweza kuvuka Mutukula akirudi nyumbani na kukuta ni nchi yake mwenyewe inayomwuliza kadi.

Wapo wanaoona njia ya mkato ni kununua kadi stendi. Tahadhari: kadi bandia ni kosa la jinai, na zaidi ya hapo haikingi. Homa ya manjano si hadithi. Kenya ilitangaza mlipuko Machi 2022 ulioanzia Isiolo, na Uganda ilikuwa na wake mwaka 2016. Kadi bandia pia huharibu jina la nchi nzima. Machi 2012 Afrika Kusini iliwarudisha Wanigeria 125 kwa madai kuwa kadi zao hazikuwa za kweli; ukazuka mgogoro wa kidiplomasia, Nigeria nayo ikawarudisha raia wa Afrika Kusini, na mwisho Pretoria ikaomba radhi. Fikiria waliokuwa na kadi halali katika msafara ule.

MARADHI YASIYO NA KADI

Si kila ugonjwa una cheti. Kwa kipindupindu, tangu mwaka 1973 kanuni za kimataifa hazitaki msafiri aonyeshe cheti cha chanjo. Kinachozuia kipindupindu ni maji safi na vyoo. Wakazi wa Kigoma wanakumbuka Mei 2015, wakimbizi wa Burundi waliporundikana Kagunga na meli ya MV Liemba ikawa inawasafirisha kwenda mjini kwa mafungu. Wagonjwa wa kipindupindu walizidi 3,000 na watu 31 walifariki. Mwenye boti ya abiria katika Ziwa Tanganyika anayeweka pipa la maji yenye dawa na ndoo ya kunawia anafanya kazi kubwa kuliko cheti chochote.

Kwa Ebola na Marburg, kinachotumika mpakani ni kipimajoto, fomu ya maswali na ufuatiliaji wa waliokutana na mgonjwa kwa siku 21. Milipuko imekuwa mingi: Ebola Kivu ya Kaskazini kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, Uganda Septemba 2022 hadi Januari 2023 na tena mwaka 2025, Marburg mkoani Kagera mwaka 2023 na 2025, na Rwanda mwishoni mwa 2024. Kila mara WHO imeshauri mipaka isifungwe, kwani mpaka ukifungwa watu hupita njia za panya ambako hakuna ofisa afya wala kipimajoto.

Mpox nayo ilitangazwa dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024, tangazo lililoondolewa Septemba 2025. Mgonjwa wa kwanza wa Kenya aligunduliwa Taita Taveta, karibu na mpaka wa Tanzania, akiwa msafiri aliyetoka Uganda kuelekea Rwanda. Hilo linaonyesha mambo mawili: maradhi husafiri kwa njia zile zile za biashara, na meza ya afya mpakani ikifanya kazi yake inaweza kugundua.

KALENDA YA MSAFIRI

Tukifuata mfano wa meli, kazi yote ifanyike kabla ya ngazi. Utaratibu ufuatao unawafaa dereva, mfanyabiashara mdogo na abiria wa meli ya ziwani au baharini.

Wiki sita kabla: angalia pasipoti. Nchi nyingi hutaka iwe na angalau miezi sita mbele. Kenya, Uganda na Rwanda zimekubaliana tangu 2014 raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa. Usidhani kuwa kila nchi ya Jumuiya imo katika mpango huo, hasa ukienda Kongo au Burundi. Hati ya dharura ya safari inafaa kwa safari fupi, lakini uliza kwanza kama huko unakopitia inakubaliwa.

Wiki tatu kabla: kama huna chanjo ya homa ya manjano, nenda kituo kilichoidhinishwa. Hapo siku kumi zitakuwa zimetimia na ziada. Mwenye sababu ya kiafari ya kutochanjwa aombe barua ya daktari yenye sahihi na muhuri.

Wiki moja kabla: uliza masharti ya siku hiyo, si ya mwezi uliopita. Piga simu kwa wakala wako wa forodha aliye mpakani, chama cha wasafirishaji, au ubalozi. Kama kuna mlipuko, uliza mambo matatu: kipimo gani kinatakiwa, majibu yanadumu saa ngapi, na maabara zipi zinakubalika.

Siku mbili au tatu kabla: kama kipimo kinatakiwa, pima wakati huu. Hesabu saa kuanzia sampuli ilipochukuliwa hadi utakapofika mpakani, ukiweka na muda wa mizani na foleni. Cheti cha saa 72 kinaweza kumalizika ukiwa njiani.

Siku ya kuondoka: tengeneza nakala mbili za kila hati, moja ibaki ofisini, nyingine kwenye simu. Andika namba ya mtu wa kupigiwa ukiugua. Na kama una homa, usiondoke. Kusimamisha safari moja nyumbani ni nafuu kuliko kusimamishwa na lori zima Malaba.

NANI ALIPE, NANI AAMUE

Maandalizi ya msafiri, hata yakiwa mazuri namna gani, hayatoshi kama serikali hazikubaliani. Dereva wa Januari 2022 alikuwa na cheti mkononi na bado akaambiwa apimwe upya. Kosa halikuwa lake.

Vituo vya huduma kwa pamoja mpakani, kama Namanga, Rusumo, Mutukula, Busia na Malaba, vilijengwa ili lori lisimame mara moja badala ya mbili. Itakuwa kichekesho forodha ikikubali kusimama mara moja halafu afya ikataka mbili. Majibu ya maabara inayotambuliwa na nchi moja yakubalike nchi zote za Jumuiya, na makubaliano hayo yasainiwe wakati wa utulivu. Wakati wa mlipuko kila waziri hutazama nchi yake kwanza, na hapo hakuna anayesikiliza.

Suala la fedha pia liwekwe wazi. Kipimo kinachotakiwa kwa ajili ya mzigo ni gharama ya mzigo. Wenye malori waandike kwenye mkataba na mwenye mzigo nani analipa kipimo na nani analipa siku za kusubiri. Madereva nao waandike kwenye mikataba yao kwamba anayezuiliwa kwa sababu za kiafya ataendelea kulipwa. Dereva anayejua kuwa akisema "naumwa" atakosa mshahara, hatasema. Atameza dawa ya kushusha homa, atapita kwenye kipimajoto, na ugonjwa utaingia nchini ukiwa umeketi kwenye usukani.

Mlipuko mwingine utakuja. Tarehe yake hatuijui. Kadi ya chanjo, pasipoti, mkataba na namba ya simu ya wakala tunaweza kuviandaa wiki hii.